Kitanda cha Tangi

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jina hilo alipewa na wateja, si wazazi. Karakana yake ilikuwa mwisho wa mtaa, chumba kimoja chenye mlango mpana na sakafu iliyojaa vumbi la chuma, na humo alitengeneza mageti, madirisha, vitanda, na mara mojamoja meza ya mtu aliyechoka kununua za mbao zinazoliwa na mchwa. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, kitinda mimba wa mama yake. Mikono yake ilikuwa na vialama vidogo vya moto kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya kukaangia, na kicheko chake majirani walikisikia hata grenda ikiwa inanguruma.

Jumamosi hiyo hakuwasha mashine. Alivaa gauni, jambo lililowafanya watu wawili wampite bila kumtambua, akaenda nyumbani kwa mama yake kuwaaga wasafiri.

Safari yenyewe ilikuwa ya Kapteni. Kapteni alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Miaka thelathini na mmoja aliendesha mabasi ya masafa marefu, na alipostaafu alikaa nyumbani miezi minne tu, dada mtu akawa anaomba Mungu amtafutie kazi nyingine. Ndipo siku moja akaja na gari kuukuu la kusambazia mikate. Alilisukuma hadi uani, akalizungushia turubai, na kwa miezi tisa hakuna aliyejua kinachoendelea mle ndani; ilisikika milio ya nyundo tu. Turubai lilipoondolewa, gari la mikate lilikuwa limegeuka nyumba: vitanda viwili vya kukunja, jiko la gesi, sinki, kabati la nguo, dirisha lenye pazia, na nyuma kabisa chumba kidogo chenye mlango wake na kitasa chake. Hicho kilikuwa choo. Jua likiwaka, nyumba nzima ilinukia mkate.

Cheche alimwuliza wakati ule, "Shemeji, mbona hukuniita? Una fundi chuma katika familia."

"Nitamwitaje mtu kufunga nati?" Kapteni alijibu. "Mimi gari nalijua kama kiganja changu."

Msafiri mkuu alikuwa mama. Miaka sabini na minne, mwembamba, mwepesi wa maneno, na alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki duniani, mdogo wake wa kike, aliyekaa mwendo wa siku mbili kwa barabara. Hawakuonana kwa miaka minane. Kila Ijumaa walipigiana simu, wakasengenya hadi betri ikaisha. Mwaliko ulipotolewa, mama alisema magoti. Mdogo wake naye alipoalikwa alisema kuku: hana wa kumwachia kuku. Miaka ikapita hivyo, magoti huku, kuku kule.

Ukweli ni kwamba magoti ya mama yalikuwa mazima. Tatizo lilikuwa mkojo. Kwa miaka kadhaa kibofu chake kilikuwa hakimpi nafasi; kikisema sasa, ni sasa. Alijua kila choo kilichokuwapo kati ya nyumbani na sokoni, na mwenye nyumba yupi ni mkarimu na yupi ni mkali. Basi linalosimama mara moja kwa saa tano lilikuwa kwake adhabu. Mabinti zake wote wawili walilijua jambo hilo, na wala halikuwahi kutamkwa. Ndiyo maana, chumba kile kidogo chenye kitasa kilipoonekana nyuma ya gari, mama alikifungua, akakifunga, akakifungua tena, kisha akasema polepole, "Labda magoti yangu yatavumilia."

Basi asubuhi hiyo ya Jumamosi mama alikaa dirishani mwa gari na gauni jipya la samawati, mkoba magotini, nusu ya mtaa imekusanyika kumpungia. Dada mkubwa alikuwa kiti cha mbele. Kapteni alipiga honi kama anaondoa abiria sitini, gari likatoka kwa madaha, likaenda hatua arobaini, likafika kwenye tuta mbele ya duka la fundi cherehani.

Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka. Ya nyuma yakapanda, na yaliposhuka ukasikika mkwaruzo, kisha mshindo, kisha kitu cheusi kama jeneza fupi kikaanguka chini ya gari na kuburuzwa. Lilikuwa tangi la maji machafu. Kapteni alikuwa amelijaza nusu jana yake, maji na ile dawa ya buluu ya chooni, kuona kama linavuja, na hakulimwaga. Mto wa buluu ukateremka mtaani hadi kwenye viatu vya watu.

"Kumbe humo ndani mna choo!" jirani mmoja alipaza sauti.

"Cha bibi hicho!" mwingine akadakia, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka maji ya buluu yakimwagika barabarani. Lakini mama alisikia. Alishuka, akapita katikati yao na mkoba wake kifuani, hatua ndogondogo, kichwa juu, hadi mlangoni kwake.

"Niliwaambia magoti yangu hayataki safari," alisema, akafunga mlango.

Cheche hakucheka hata kidogo. Alikunja gauni lake jipya mapajani, akalala chali barabarani na kuingia chini ya gari.

Alichokiona hakikuhitaji miwani. Tangi lilikuwa la plastiki nene, lenye ukingo mwembamba juu uliotokeza pembeni kama masikio. Kapteni alikuwa ametoboa masikio yale, akapitisha bolti nne, akalifunga kwenye sakafu ya gari. Chini ya tangi hapakuwa na kitu. Hewa tupu.

Walilivuta hadi uani kwa mama, Kapteni akaanza kulilaumu kabla halijatua. "Plastiki za siku hizi ni karatasi! Zamani tangi lilikuwa tangi."

Cheche alilipindua, akalipigapiga kwa ngumi kila upande, akaliinua juani na kuchungulia ndani. "Tangi halina kosa, shemeji. Mwili wake mzima. Tazama, kilichochanika ni masikio tu, na ufa haukufika tumboni. Ungembeba mbuzi kwa masikio?"

"Bolti zilikuwa nene kama kidole!"

"Bolti zipo, hazijakatika. Bolti zimebaki juu na vipande vya masikio. Tangi linachukua lita ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Hayo ni madumu sita. Kila dumu kilo ishirini. Umewaning'iniza watu wawili wazima kwa masikio, halafu ukawapitisha kwenye tuta. Na likiwa nusu ndiyo balaa zaidi, kwa sababu maji yanapata nafasi ya kukimbia. Yanapiga huku, yanapiga kule. Tangi linataka kulala, shemeji. Linataka kitanda."

Kapteni alikunja uso. Mtu aliyepanda milima yote ya nchi na abiria sitini bila kumwaga chai ya mtu, leo anafundishwa uzito wa maji na mtoto aliyemkuta anavaa sare za shule. Aliingia ndani, akanywa chai yake peke yake, akiwa ameupa mlango mgongo.

Dada mkubwa alitoka uani na ufagio. "Fahali wawili hawakai zizi moja, hilo nalijua," alimwambia mdogo wake. "Lakini mama yuko mle chumbani amevua gauni la safari na amelala saa nne asubuhi. Lini umemwona mama amelala saa nne?"

Cheche akaenda. Alimkuta mama kitandani, macho wazi, anatazama dari.

"Mama, lile tangi nitalitengeneza."

"Litengeneze, muuzie mtu. Mimi siendi."

"Kwa nini?"

Mama aligeukia dirisha. Nje, fundi cherehani alikuwa akimwaga maji barabarani kuondoa buluu. "Mwanangu, nimezaa watatu, nikazika mmoja, nikalea watu ambao hata hawakuwa wangu," alisema hatimaye. "Sijawahi kuona aibu mbele ya mtu. Leo mtaa mzima unajua kwamba siwezi kujizuia kama mtoto wa chekechea. Na mkwe wangu! Nitamtazamaje mkwe wangu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo wake, na alipokwisha kulisema alionekana kushangaa kwamba nyumba haikuanguka. Cheche alikaa ukingoni mwa kitanda, akachukua mguu wa mama na kuuweka pajani kwake.

"Mficha uchi hazai, mama. Umelisema, basi. Sasa kilichobaki ni chuma, na chuma nakiweza."

"Nitajuaje kama kitashika?"

"Utakuja kutazama mwenyewe. Nikimaliza, nitalijaza hadi juu, nitalipitisha pale pale kwenye tuta, na wewe utakuwa hakimu."

Mama alifikiri. "Sitakuwa hakimu wa kusimama juani," alisema. "Nitataka kiti."

Jumatatu asubuhi Cheche alipanga vyuma vyake karakanani, akalala chini ya gari lililoegeshwa mlangoni, na kuanza kupima. Alikuwa bado na kipimo mdomoni alipoona viatu vya Kapteni vimesimama karibu na kichwa chake. Vilisimama muda mrefu. Kisha magoti yakashuka, mkono ukashuka, na Kapteni mzima, na tumbo lake na shati lake la pasi, akajisukuma chini ya gari akalala kando yake. Wakatazama juu wote wawili kama watu wanaotazama nyota.

"Unataka kukifunga wapi hicho kitanda chako?" aliuliza.

"Kwenye sakafu, hapa na hapa."

"Hapana. Sakafu ni bodi ya mikate, imetengenezwa kubeba mikate. Kifunge kwenye chasisi. Mzigo usioshikwa na chasisi ni sawa na abiria aliyesimama. Breki ya kwanza tu, yuko mapajani mwa watu."

Cheche alitoa kipimo mdomoni. "Basi nitakichomelea kwenye chasisi."

"Hapana tena. Chasisi inajipinda. Gari likipita shimoni, upande huu unashuka, ule unabaki. Hukuliona kwa sababu wewe unatengeneza mageti, na geti haliendi popote. Ukichomelea kila kitu, barabara itachagua yenyewe pa kuvunja. Funga kwa bolti, weka mpira katikati, nati mbilimbili. Kiwe na nafasi ya kupumua."

Cheche alicheka, na mwangwi ukajaa chini ya gari. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lile la chasisi lisingemjia hata kwa wiki nzima. "Shemeji, mbona ulijua yote haya na ukalitundika kwa masikio?"

"Kwa sababu mzigo niliujua. Maji sikuyajua." Kapteni alikwaruza tope kavu kwa kucha. "Na nilikuwa na haraka. Nilitaka mama asafiri kabla ya mvua."

"Ulisema gari ni lako, la kustaafia."

"Nilisema." Aliendelea kukwaruza. "Nimeendesha watu miaka thelathini na mmoja. Dereva anamjua abiria anayekataa chai siku ya safari. Anamjua anayekaa karibu na mlango, na anayetazama saa kabla gari halijaondoka. Tulipokwenda kwenye harusi ile ya mwaka jana, mama hakutia hata tone la maji kinywani tangu alfajiri, midomo ikampasuka. Nilimwona kwenye kioo. Sasa mkwe atamwambia nini mama mkwe wake? Nikaona bora nitafute gari."

Cheche alirudisha kipimo mdomoni, akaendelea kupima upande uliokwisha kupimwa.

Walifanya kazi siku nne. Cheche alikata vyuma vya pembe, vile mafundi huviita engo, akavichomelea kuwa fremu yenye umbo la tangi, na akaweka vipingo vinne chini yake. Juu ya vipingo alilaza bati nene, ili tumbo lote la tangi lipate pa kulala, pasiwe na hata kiganja kimoja kinachoelea hewani. Juu ya bati alitandika mpira uliokatwa kwenye tyubu za lori. Pembeni aliinua kingo, maji yakipiga yapige yakiwa yameshikwa. Kisha mikanda miwili bapa ya chuma ikapita juu, iliyovishwa mpira nayo, kuzuia tangi lisiruke. Kapteni alikuwa mtu wa bolti na wa bomba. Alikata lile bomba gumu lililotoka chooni, akaunga kipande cha mpira mnene katikati, ili gari likitikisika shingo ya tangi isivunjike. Walipaka rangi ya kuzuia kutu mara tatu. Masikio yaliyochanika waliyasawazisha kwa msumeno.

"Hayana kazi tena," Cheche alisema. "Ni ya pambo."

"Kama ya mume wangu," dada mkubwa alisema, akiwapokeza vikombe vya chai. "Namwambia neno, halifiki popote."

Ijumaa alasiri, mama alitoka na kiti chake, akakiweka mbele ya duka la fundi cherehani. Habari zilikuwa zimetangulia, na wale wale waliolowa buluu walisimama kando ya barabara. Safari hii walisimama mbali kidogo. Cheche alimimina madumu matatu. Gari likapita kwenye tuta, maji yakasikika yakipiga ndani, lakini kitanda hakikusogea. Akamimina mengine matatu. Gari likapita taratibu, likapita kwa kasi, likapita kinyumenyume. Kila mara Cheche aliingia chini na kurunzi, akashika kila bolti kwa mkono, akatoka na kuinua kidole gumba.

Mara ya tano mama aliinuka kwenye kiti. "Ngojeni. Huko kutazama nje si kutazama. Mimi nitakuwa ndani."

"Mama, kaa basi kitandani, pale katikati," Kapteni alisema kwa adabu kutoka kwenye usukani.

"Nikae kitandani kwani kitanda ndicho kilichoanguka?" Akapanda, akaenda nyuma moja kwa moja, akafungua kile chumba kidogo, akaingia, na kitasa kikalia. Sauti yake ikatoka kwenye kidirisha cha juu. "Twende! Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga!"

Watu wakashika vinywa. Kapteni alijipangusa uso, akaondoa gari kana kwamba amebeba mayai. Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka. Ya nyuma yakapanda, yakashuka. Kimya. Kisha kutoka chooni: "Tena! Na usinibembeleze!"

Alipitishwa mara tatu. Aliposhuka, kilemba kimeenda upande, alimtafuta kwa macho yule jirani aliyepaza sauti Jumamosi, akampata. "Ndiyo, mna choo," alimwambia. "Kizuri sana. Na wewe miaka yako inakuja, mwanangu, utanikumbuka." Jirani alicheka hadi akaegemea ukuta, wengine wakapiga makofi, na fundi cherehani akapiga vigelegele na sindano zikiwa bado mdomoni, jambo ambalo hakuna aliyejua aliliwezaje.

Jumapili waliondoka, na safari hii mama alisema bila fundi hapandi, kwa hiyo Cheche alifunga karakana akaenda. Siku ya kwanza ilikuwa ya kupumzisha roho. Mama alikunywa kikombe cha chai kabla ya kuondoka, akanywa cha pili barabarani, akakiweka kikombe chini na kukitazama kama mtu aliyeona jamaa wa zamani. Alikwenda chooni alipotaka. Alikwenda hata asipotaka. Wakati mwingine alikwenda, akafungua kidirisha, akasimama tu mle ndani kutazama mashamba yakipita. Jioni walipoegesha kwenye kituo cha malori, Kapteni aliomba ruhusa kwenye shimo la majitaka, akalimwaga tangi yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akarudi akinukia sabuni na kuuliza kama chakula kimeiva. Mama alimwekea sahani ya kwanza, kabla hata ya kujiwekea yake. Wote wawili walikula vizuri.

Siku ya pili barabara ilikuwa inatengenezwa, magari yakaelekezwa kwenye njia ya pembeni, njia ya mawe matupu. Gari lililia kila kiungo. Vikombe vilicheza kabatini. Cheche alikaa sakafuni, kiganja kimelazwa kwenye mbao juu ya tangi, akisikiliza kwa mkono. Mbele yao lilikimbia lori tupu, likirusha changarawe, na ghafla ukasikika mshindo chini yao, mzito, chuma kwa jiwe.

Kapteni akasimamisha gari. Cheche aliona tena mto wa buluu, akamwona mama akitembea na mkoba wake kifuani. Alishuka mbio, akajitupa chini ya gari, akawasha kurunzi.

Kitanda kilikuwa palepale. Mikanda ilikuwa palepale, bolti zote kavu, nati mbilimbili zimekaa kama zilivyofungwa. Ila kwenye lile bati la chini, karibu na kona, palikuwa na kibonyeo kipya cha kuingia ngumi. Jiwe lilikuwa limepiga pale. Kama bati lisingekuwepo, jiwe lingeingia kwenye plastiki kama kisu kwenye papai.

Kapteni alikuja akalala kando yake, akagusa kibonyeo kwa kidole. "Bati lako," alisema. "Mimi nisingeliweka. Ningesema linaongeza uzito."

"Chasisi yako," Cheche alisema. "Mimi ningekuwa nimekichomelea, sasa hivi kimepasuka."

Juu ya vichwa vyao kitu kikagongwa mara tatu. "Nyinyi huko!" sauti ya mama ilishuka kupitia sakafuni. "Mbona mmesimama? Mimi bado sijamaliza!"

Walicheka pale chini, fundi na dereva, hadi machozi yakaingia masikioni, na dada mkubwa aliposhuka kuuliza kuna nini hakupata jibu la maana.

Walifika saa tisa alasiri. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa na kuta nyeupe na ngazi tatu za mbele, na mwenyewe alikuwa tayari amesimama kwenye ngazi ya chini, mnene pale dada yake alipokuwa mwembamba, lakini pua ni ile ile. Wale wazee wawili hawakukimbiliana. Walisogeleana polepole, wakashikana mikono, wakatazamana nyuso kwa makini kama watu wanaokagua bidhaa.

"Umezeeka," mama alisema.

"Wewe ndiye uliyenitangulia," mdogo wake akajibu, na hapo ndipo walipokumbatiana, na waliokuwa karibu wakapata la kutazama upande mwingine.

Chai ikaandaliwa. Mama aliangaza uani. "Kuku wako wako wapi? Miaka minane nasikia kuku, kuku."

Mama mdogo alitazama chini. Uani palikuwa na kuku wawili, mmoja amelala. "Ndio hao."

"Hao wawili ndio walikuzuia kuja kwangu?"

Mama mdogo alivuta kiti karibu, akamtupia jicho Kapteni. Kapteni, mtu wa adabu, akakumbuka ghafla kwamba ana kitu cha kuangalia kwenye injini. Alipotoka, mama mdogo alimnong'oneza dada yake sikioni, na Cheche, aliyekuwa akipanga vikombe, alisikia nusu tu. Nusu ilitosha. Safari ndefu. Vyoo. Siwezi kujizuia. Niliona aibu kukwambia.

Mdomo wa mama ukaanza kutetemeka, na Cheche alidhani atalia. Lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, kile kile ambacho Cheche alirithi, kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. "Na mimi!" alisema akipiga paja. "Na mimi, mjinga wewe! Magoti yangu ni mazima kama ya mbuzi!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Walicheka hadi mama mdogo akasema, "Basi, basi, nisije nikaaibika," wakainuka wote wawili kwa pamoja, na choo cha nyumba kilikuwa kimoja. Mdogo alikuwa karibu na mlango, akashinda. Mkubwa hakubishana. Aligeuka, akashuka zile ngazi tatu kwa kasi ambayo mabinti zake hawakuwahi kuiona, akakwea gari, na kitasa kikalia.

Kesho yake mama mdogo alionyeshwa kila kitu. Alifungua kile chumba, akakifunga, akakifungua. Aliuliza kama tangi linaanguka, na mama akampa historia nzima, akaongeza chumvi pale kwenye tuta. Akamlazimisha Cheche alete kurunzi, na bibi wa miaka sabini na mmoja akapiga magoti kwenye vumbi, akachungulia chini na kukiona kile kitanda, mikanda yake, na kibonyeo cha jiwe.

"Umelilaza kama mtoto mchanga," alimwambia Cheche.

"Ndivyo linavyotaka, mama mdogo."

Akainuka akijipangusa. Alisema kwamba mwendo wa saa moja na nusu kutoka pale kuna ziwa. Alizoea kwenda na marehemu mumewe. Hajaliona kwa miaka sita, na alikuwa ameshajizoesha kwamba halipo. Alisema hivyo huku akitazama kando, kama mtu asiyeomba.

Kapteni alikuwa tayari ameshika funguo.

Walipakia mkate, mayai ya kuchemsha, chupa mbili za chai na mikeka. Viti vilikuwa vinne na watu watano, na Cheche alisema yeye atabaki. Kuna vyombo vya jana, na kuku wawili wanaohitaji uangalizi. Mama alimtaka ushauri wa mwisho. "Fundi, tunakwenda bila wewe. Litashika?"

"Litashika, mama."

Gari likatoka getini. Wale dada wawili walikuwa wamekaa dirishani wakibanana, vikombe mkononi, na kabla hawajafika hata barabarani mama mdogo alikuwa amekwisha kumimina chai ya pili. Cheche aliwapungia hadi vumbi likatulia. Kisha aliingia ndani, akavitazama vyombo vilivyomsubiri kwenye karai, akaviambia vingoje, akajinyoosha kwenye kochi la mama mdogo na viatu miguuni, na usingizi ukamchukua saa tatu asubuhi akiwa bado anatabasamu.